Skrini za Matangazo na Kisanduku Kinachoziendesha

Yeyote atembeaye siku hizi katika Lubumbashi, akatoka katikati ya mji kwenye mabenki na maduka ya simu, akapita mitaa ya Kamalondo na Kenya, akafika hata Katuba au Ruashi, hataacha kuona kwamba kibao cha tangazo kilichochorwa kwa rangi na mkono wa fundi, ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichomwita mnunuzi aingie dukani, kinazidi kuiachia nafasi yake skrini yenye mwanga, inayobadilisha picha kila baada ya sekunde chache na kumwonyesha mpita njia bei za dawa, saa za mabasi, thamani ya dola kwa faranga, au sura ya mwimbaji anayetazamiwa Jumamosi. Mimi si katika wale wanaoyachukia mageuzi hayo. Mji huu, ambao mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés aliufungulia karakana ya uchoraji iliyowatoa akina Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, na ambao katika miaka ya 1970 ulimshuhudia Tshibumba Kanda Matulu akiichora historia ya nchi nzima, picha baada ya picha, umezoea tangu zamani kupokea habari zake kwa macho, na skrini imekuja kuyakuta mazoea hayo yamekwisha kuwapo.

Ila tofauti moja ipo, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kibao cha rangi kikishakauka hakimtegemei mtu tena: mvua ya Januari itakinyeshea, vumbi jekundu la Agosti litakifunika, na bado maneno yake yatakuwa yale yale aliyoyataka mwenye duka. Skrini haina maneno yake yenyewe hata kidogo. Nyuma yake, aghalabu kimebandikwa kwa gundi au kinaning'inia kwa waya wake, kuna kisanduku kisichozidi kiganja cha mtu mzima, ambacho kazi yake ni kuhifadhi picha na filamu, kuzifungua kwa zamu, kujua ipi ionyeshwe saa ngapi, na kuzipitisha kwa waya wa HDMI hadi kwenye kioo. Na kisanduku hicho kikifa, kikigoma, au kikipotewa na majira, kioo cha inchi 55 kilichonunuliwa kwa fedha nyingi hakina faida kuliko ukuta kilioufunika. Rai yangu, basi, ni kwamba katika mji wetu mwenye kutaka skrini ya matangazo yampasa akichague kisanduku kabla ya kioo, na akichague kwa kuuliza swali moja lililo kubwa kupita yote, yaani kitafanya nini umeme ukikatika, na kitafanya nini umeme ukirudi hali hakuna mtu karibu nacho.

Mambo yalivyo sasa ni kinyume cha hayo. Mnunuzi huingia dukani akauliza inchi, akauliza mng'ao, akaonyeshwa filamu ya samaki wa rangi na maua yanayochanua, akastaajabu, akalipa. Kisha muuzaji, kwa ukarimu usiomgharimu kitu, humtupia juu yake kisanduku cha Android kisicho na jina la kueleweka, na biashara ikawa imekwisha. Nimesimama katika duka moja la dawa, ambalo sina haja ya kulitaja, nikaitazama skrini nzuri kabisa ikitangaza punguzo la bei lililokwisha zamani, huku foleni ya watu ikiisoma na kuiamini. Kijana fundi aliyeitwa kuitazama alipanda juu ya kiti, akakibandua kile kisanduku, akakigeuza, vumbi jekundu likamwagika kutoka kwenye matundu ya chini, na kitaa chake chekundu kikawa kinawaka tu bila dalili ya ugonjwa wowote. «Mama,» akamwambia mwenye duka, «hii bwate haina na saa mu ndani. Kuran ikienda, inasahau siku.» Naye mama akamjibu kwa uchungu: «Sasa, mwana, miye nitafanya namna gani? Bantu banakuya, banasoma bei ya zamani, banagombana na miye.»

Fundi yule alisema kweli, na kauli yake yastahili kufafanuliwa, kwa kuwa wauzaji wengi hawaijui na wachache wanaoijua huinyamazia. Kompyuta ya kawaida ina betri ndogo ya mviringo inayoiwezesha kuhesabu saa hata ikiwa imezimwa. Visanduku vingi vya bei ya chini havina betri hiyo, bali kila viwakapo huuliza mtandao ni saa ngapi, na visipopata jibu, vingine huanza kuhesabu pale pale vilipoachia, na vingine hurudi miaka mingi nyuma. Hata Raspberry Pi, kibao mashuhuri cha kompyuta kilichobuniwa Cambridge na kuanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35, ambacho kimeingia katika skrini nyingi za dunia, kilikaa miaka yote hiyo bila saa ya ndani mpaka lilipotoka toleo la tano mwaka 2023, na toleo hilo nalo betri ya saa yake hununuliwa mbali. Katika mji ambao umeme haukatiki na mtandao hauzimiki, upungufu huo hauonekani milele. Katika mji wetu huonekana kila juma, na mwenye kuulipia ni mama wa duka la dawa anayegombezwa na wateja wake kwa bei ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuibadilisha.

Wala kukatika kwa umeme si jambo la kuhesabiwa kuwa ajali hapa petu. Mitambo ya maji inayotulisha ilijengwa na kampuni ya shaba ya Union Minière, Mwadingusha juu ya mto Lufira mwaka 1930, kisha Koni juu ya mto huo huo, na Nzilo na Nseke juu ya Lualaba katika miaka ya 1950, nayo ilijengwa kwa ajili ya tanuri za shaba kwanza na taa za watu baadaye. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaongezwa ule waya mrefu kutoka Inga hadi Kolwezi, wenye kilometa zipatazo 1,700, ambao ulikuwa katika nyaya ndefu za umeme kupita zote duniani. Tangu hapo mji umepanuka, migodi mipya imefunguliwa kutoka Kolwezi hadi Likasi, mashine za kale zimechoka, na mgawo wa umeme, ambao kila nyumba huuita delestaji, umekuwa sehemu ya ratiba ya maisha. Fundi cherehani anaijua, kinyozi anaijua, mwenye kuuza samaki wa barafu anaijua kuliko wote, na kila mmoja amepanga kazi yake kwa kuizingatia. Kwa nini basi mwenye skrini peke yake anunue chombo kilichobuniwa kana kwamba kitaishi Geneva?

Na tuyatazame kwa karibu yanayotokea ndani ya kisanduku katika sekunde ile taa zinapozimika. Visanduku vingine huhifadhi programu zao katika kadi ndogo ya aina ya microSD, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na wakati wowote kisanduku kinapofanya kazi huwa kinaandika jambo fulani katika kadi hiyo, hata kama mwenyewe hajakiamuru kuandika: kumbukumbu za kazi, hesabu ya picha zilizoonyeshwa, mabaki ya mawasiliano. Umeme ukikatika katikati ya maandishi, ukurasa hubaki nusu, na kurasa nusu zikizidi, siku moja kisanduku huwaka kikashindwa kusoma kitabu chake chenyewe, kikaonyesha herufi nyeupe juu ya weusi, au alama ya kuulizia lugha kana kwamba ndiyo kwanza kimetolewa kiwandani. Dawa ya maradhi haya inajulikana, wala si ya gharama: programu ipangwe ili sehemu yake kuu isomwe tu bila kuandikwa, au kichaguliwe kisanduku ambacho hifadhi yake imeungwa juu ya kibao chenyewe badala ya kadi ya kuchomeka, na ikiwa ni lazima kadi itumike, basi iwe ya daraja la viwandani na si ile ya kupigia picha za harusi. Muuzaji asiyeweza kumwambia mteja wake ni ipi kati ya njia hizi imefuatwa, huyo anauza kitu asichokijua.

Kuna tena jambo la kuamka. Kompyuta ndogo za mezani, zenye nguvu na uwezo wa kuendesha hata skrini mbili au tatu kwa pamoja, aghalabu zimepangwa kiwandani ili umeme ukirudi zisubiri mtu abonyeze kitufe. Na kitufe hicho kikishafungiwa nyuma ya skrini, mita tatu juu ya sakafu, mwenye duka atahitaji ngazi kila baada ya delestaji. Karibu zote zina pahali katika mipangilio yao ya ndani ambapo mtu anaweza kuziamuru ziwake zenyewe umeme urudipo, na ni kazi ya dakika mbili kwa fundi anayejua. Nimeona skrini zilizokaa giza kwa miezi kwa kukosekana dakika hizo mbili. Vyombo vilivyobuniwa kwa kazi hii tu, mfano wake vile vya BrightSign ya California, huwaka na kuanza kuonyesha mara tu vipatapo umeme, navyo havina kazi nyingine ya kuvipotezea akili; kasoro yake ni bei, na kwamba kimoja kikiharibika utalazimika kungoja mzigo utoke mbali. Ziko na skrini ambazo kisanduku chake kimo ndani yake, kama zile za Samsung zenye Tizen na za LG zenye webOS, ambazo hupunguza nyaya na kupendeza machoni; lakini mimi sizipendelei kwa mji huu, kwa kuwa ubongo wake ukifa, ama skrini nzima inateremshwa ukutani ipelekwe kwa fundi, ama unanunua kisanduku cha nje hata hivyo, ilhali kisanduku kilicho mbali na kioo hubadilishwa kwa bisibisi moja na mteja wa pili hajahudumiwa.

Sasa nije kwenye visanduku vile vya bure au vya karibu na bure, ambavyo ndivyo vilivyojaa masokoni. Nafahamu mvuto wake, na simlaumu mwenye biashara ndogo anayehesabu kila faranga. Lakini mwezi wa Januari 2023 mtafiti mmoja aliueleza ulimwengu kwamba kisanduku cha aina ya T95, kilichouzwa hata na maduka makubwa ya mtandaoni, kilitoka kiwandani kikiwa na programu haribifu ndani yake kabla mnunuzi hajakifungua. Na mwezi wa Juni 2025 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ikatoa onyo juu ya mtandao uitwao BADBOX 2.0, uliokuwa umevinasa vifaa kwa mamilioni, vingi kati yake vikiwa ni visanduku vya televisheni, projekta na fremu za picha zenye Android isiyo na ithibati ya Google. Kifaa kilichonaswa hivyo hakimwambii bwana wake neno. Huendelea kuonyesha bei za dawa kwa utulivu, huku kwa siri kikiwapitishia wahalifu wa mbali safari zao katika mtandao wa mwenye duka, kikibonyeza matangazo yasiyoonekana, na kuzila mega alizozinunua kwa jasho lake. Na katika duka hilo hilo, kwenye mtandao huo huo, ndipo ilipo simu anayopokelea malipo. Bei ya kisanduku, kwa hesabu ya haki, ni pamoja na yote kitakayoyala baada ya kununuliwa.

Katika mambo yote niliyoyachunguza juu ya habari hii, lililonifurahisha kupita mengine ni hesabu ndogo ya wati, ambayo laiti kila muuzaji angeiandika ukutani pake. Skrini ya inchi 55 hula wati zipatazo 100 au zaidi. Kisanduku cha kiasi, wati tano hivi. Kwa hiyo kuibakiza hai skrini kwa saa saba za delestaji ni shughuli kubwa, ambayo hata betri kubwa ya gari haiiwezi bila kuumia, lakini kukibakiza hai kisanduku chake ni jambo la betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ile inayowekwa katika kengele za wezi na katika vyombo vya kulindia kompyuta, ambayo hata ukiinywa nusu tu ili idumu, itakupa saa saba hivi. Tia na kipunguza volti kati yake na kisanduku, uiunge na chaja au na paneli ndogo ya jua juu ya bati, na mambo matatu yamekwisha kwa mpigo: kadi haikatiki katikati ya kuandika, saa haipotei, na umeme mbovu wa dakika za kwanza, ule unaorudi kwa kishindo kisha ukashuka kisha ukapanda, haukigusi kisanduku kabisa, kwa kuwa kinakunywa kutoka kwenye betri na si kutoka ukutani. Skrini itazimika, ndiyo, maana giza ni giza. Lakini itakapowaka itakuta nyuma yake mtumishi aliye macho, anayejua leo ni siku gani. Na skrini yenyewe iwekewe stabilaiza yenye kuchelewesha, kama ile ya kulindia friji, ili isipokee pigo la kwanza.

Katika habari ya mtandao sitakawia, kwa kuwa kanuni yake ni nyepesi: kisanduku kiwe kinapakua picha zake mara moja, usiku au alfajiri njia zinapokuwa nyeupe, kikazihifadhi ndani na kuzionyesha kutoka ndani, na mtandao ukitoweka kwa siku tatu kiendelee kuonyesha kana kwamba haukutoweka. Programu inayoivuta kila picha kutoka mbali kila inapotaka kuionyesha haifai hapa, hata ikisifiwa vipi. Inamlipisha mtu mega ileile mara mia kwa siku. Kadhalika filamu zisipelekwe katika umbo ambalo kisanduku hakina kiungo maalumu cha kulifungua: kipo kisanduku kinachofungua H.265 kwa urahisi lakini H.264 kwa kujikokota, kama lilivyo lile toleo la tano la Raspberry Pi, na kipo cha zamani ambacho hali yake ni kinyume, na mwenye kutengeneza matangazo akijua hilo mapema, chombo cha bei ya kiasi kitafanya kazi ya chombo cha bei kubwa bila kuchemka. Wala sioni haja ya 4K kwa bei ya nyanya inayosomwa kutoka upande wa pili wa barabara.

Kuchemka, hata hivyo, ni neno la kusimama nalo. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni baridi yake inajulikana. Lakini Oktoba kabla ya mvua, nyuma ya skrini iliyobanwa ukutani, chini ya bati, hewa haina pa kupitia, na kisanduku hukaa katika joto ambalo hakikuandaliwa kwalo. Feni si tiba, bali ni mlango wa vumbi, nalo vumbi letu ni jembamba, hupenya, hujaza mbawa za feni, feni ikalemewa, ikasimama, na siku hiyo kisanduku kikaanza kwenda polepole bila sababu inayoonekana. Ni afadhali kisanduku kisicho na feni, chenye gamba la alumini linalotoa joto lake lenyewe, kilichofungwa pembeni ya skrini badala ya kuwa mgongoni pake, mahali ambapo kitambaa kikavu kinaweza kukifikia mara moja kwa mwezi. Na Novemba zikija radi, mwenye skrini ya nje asiyeunga waya wa ardhi anayaweka mali yake yote katika bahati.

Watu huniambia kwamba haya ni mambo ya wazungu na wachina, kwamba sisi hununua kilicholetwa na kustahimili. Sikubaliani nao, na ithibati yangu wameiona wenyewe barabarani. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na jamaa zake wa chama cha Women's Technology, walipobuni wale roboti wa kuongoza magari waliosimama Kinshasa tangu mwaka 2013, ambao baadaye walikuja hata huku kwetu, hawakuanza kwa kuuliza roboti wa Ulaya wana umbo gani. Walianza na jua na mvua ya nchi hii na umeme wake usiokuwa na ahadi, wakawatengenezea mwili wa alumini na paneli za jua za kujilisha wenyewe, wakawaunda hapa hapa nchini ambapo anayeunda ndiye atakayewatengeneza wakiharibika. Mtu anaweza kuwa na maneno yake juu ya manufaa ya roboti wale njiani. Namna yao ya kufikiri haina mjadala: hali ya nchi iliwekwa mwanzo wa kazi, haikungojwa ije iharibu kazi mwishoni. Sioni kwa nini kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambaye leo anauza visanduku vilivyoletwa na kontena, asikae mezani akaunganisha kibao, betri, kipunguza volti na gamba la alumini lililokatwa na fundi wa mtaa wa Kenya, akavipangia programu isiyoharibika kwa delestaji, akaviuza kwa jina lake mwenyewe na kwa dhamana atakayoitimiza kwa miguu yake.

Nimezungumza sana juu ya maduka, lakini walio moyoni mwangu ni wagonjwa na wasafiri. Mwenye duka akikosea chombo, hasara ni yake. Hospitali inapotundika skrini ya kuita zamu, au shirika la mabasi linapoandika saa ya gari la Kolwezi na la Likasi, au ofisi ya serikali inapotangaza hati zipi raia aje nazo, hapo kinachotundikwa ni amana ya umma, na skrini iliyokufa ina adabu kuliko skrini inayosema uongo. Mtu aliyetoka Kipushi alfajiri na mtoto mgonjwa mgongoni, akasoma kwamba daktari wa watoto yupo, akangoja mpaka adhuhuri kwa kuwa kisanduku kilisahau kuwa leo si jana, amedhulumiwa, na kudhulumiwa kwake hakupungui kwa kuwa aliyemdhulumu ni chombo. Kwa mahali kama hapo mimi ningetaka sharti lisilo na msamaha: kisanduku kisichoweza kuijua saa yake kwa yakini kionyeshe maandishi matupu ya kumwambia mtu aulize dirishani, kisionyeshe tarehe wala jina la mtu. Programu nyingi zaweza kupangwa hivyo, ila hakuna anayeliomba.

Na maadamu nimegusa umma, niseme pia kwamba skrini nyingi za ofisi zetu husema Kifaransa peke yake katika mji ambao watumishi wa nyumbani walikwisha kuiandika historia yake kwa Kiswahili tangu mwaka 1965, katika kitabu kidogo cha André Yav. Kisanduku hakibagui lugha. Ukurasa mmoja wa Kifaransa na mmoja wa Kiswahili kwa zamu haukigharimu hata wati moja.

Watakuwapo watakaosema kwamba ushauri huu ni wa wenye fedha, na kwamba kisanduku cha rahisi kikifa hununuliwa kingine. Kwa kibanda chenye skrini moja na picha tano zisizobadilika, nakubali, tena nitaongeza: asinunue kisanduku kabisa. Televisheni nyingi za kisasa zina tundu la USB na zinaweza kuzungusha picha kutoka kwenye flashi bila msaada wa chombo chochote. Azitie picha zake humo, aandike juu yake bei ambazo hazitabadilika mwezi huu, na fedha iliyosalia anunue bidhaa. Lakini anayebadilisha bei kila siku, au mwenye skrini kumi katika mitaa mitatu, akilipa vijana wawili na usafiri wa pikipiki kwenda kuamsha visanduku baada ya kila delestaji, huyo akiandika gharama zake kwa miezi sita katika daftari moja ataona mwenyewe kwamba kisanduku cha rahisi kimekipita cha ghali kwa bei.

Kwa wale wenye kutunga zabuni za hospitali, vituo na ofisi, ninayo maombi mahsusi. Kabla ya kutia sahihi, muuzaji aje na kisanduku chake, kiunganishwe na skrini mbele ya kamati, na mtumishi mmoja, yeyote, hata mlinzi wa mlangoni, aung'oe waya ukutani katikati ya picha, angoje, aurudishe, na airudie kazi hiyo mara nyingi kadiri atakavyo, siku hiyo na ya pili, na mtandao ukiwa umezimwa. Kisanduku kitakachorudi kila mara chenyewe, kwenye picha iliyo sahihi na saa iliyo sahihi, bila ya mtu kukigusa, ndicho kinunuliwe. Na katika mkataba iandikwe kwamba kisanduku cha pili kilichopangwa tayari kitakaa katika kabati la ofisi tangu siku ya kwanza, na kwamba nywila zitakabidhiwa kwa maandishi kwa mkuu wa ofisi, ili fundi akihama mji, au akikosana na mwajiri wake, skrini isibaki ikirudia maneno ya mwaka jana kwa kukosa mwenye ufunguo.